Mdomo wa Toyota

Kona yenyewe iko chini kidogo ya Soni, ukishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Nilikanyaga breki kama nilivyokanyaga kwenye kona zote za nyuma, pedeli ikazama mpaka sakafuni, kama mguu uliokosa kipandio cha ngazi gizani. Nikakanyaga tena. Hamna kitu.

Ilikuwa Desemba 2011, na gari ni Volkswagen Beetle ya 1964 aliyotuachia marehemu baba. Beetle za umri ule zina masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ya njia moja: paipu ikivuja popote, magurudumu yote manne yamekosa breki kwa pamoja. Breki ya mkono peke yake haihusiani na mafuta, inakwenda kwa waya mpaka magurudumu ya nyuma, nayo ndiyo iliyoniokoa. Nikashusha gia, nikavuta mkono kidogo kidogo, nikaliegemeza gari kwenye ukingo upande wa mlima. Bampa lilipinda. Mimi nilikaa palepale kama nusu saa, miguu haina nguvu, muuza matunda ya damu mmoja akiniuliza kama nimekuja kununua.

Gari lilivutwa mpaka Tanga, uani kwa Mjomba, Ngamiani. Mjomba alikuwa fundi wa karakana kwenye shamba la mkonge enzi za ujana wake, na Beetle kwake si gari, ni dini. Ukimpa nafasi atakutajia miaka gari hilo liliposhinda Safari Rally: 1953, 1954, 1957, 1962. Siku ile hakutaja kitu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba akiwa tayari yuko chini ya gari, kisha nikasikia sauti yake kutoka huko:

"Nani kaweka paipu ya friji huku?"

Gereji moja, miaka kadhaa nyuma, ilimwambia baba kwamba imebadilisha paipu ya breki inayokwenda nyuma. Kumbe walifunga kopa ya friji, yaani paipu ya shaba, wakaipitisha chini ya sakafu na kuining'iniza kwa waya. Kopa ni laini, unaipinda kwa mkono, ndiyo maana fundi mvivu anaipenda. Lakini ikitikiswa muda mrefu inakakamaa, halafu inapasuka. Yetu ilipasuka nyuma tu ya nati, ufa mwembamba kama unywele.

Mimi nilitaka tununue kopa nyingine, nzito zaidi, tumalize. Mjomba akanitazama kama niliyetukana. "Baba yako alinunua gari, hakununua friji. Funua zulia."

Tulipofunua, tukaikuta. Paipu ya chuma ya kiwandani ilikuwa bado imelala kwenye vibanio vyake vya bati, ubavuni mwa ule mgongo wa katikati ya sakafu, imesahauliwa tu. Ilitobolewa na kutu karibu na kiti cha nyuma, pale maji ya mvua yalipokuwa yakituama chini ya zulia. Sehemu nyingine yote ilikuwa na mikunjo yake vilevile.

Kuitoa bila kuivunja kulituchukua siku mbili. Nati tulizilaza na dizeli usiku kucha. Mjomba aliilaza paipu kwenye sakafu ya saruji, akaizungushia chaki, kona kwa kona, akaniagiza Gerezani, Dar es Salaam, nikanunue ya chuma. "Pima kwa kamba, halafu ongeza shubiri moja." Niliona shubiri ile ni upotevu wa pesa, lakini sikubishana.

Kijana wa dukani alikata paipu, akavisha nati, akatanua midomo kwa mashine yake ndani ya dakika tano. "Hii inaingia gari lolote, braza."

Na kweli iliingia. Tuliipinda kwa kuizungusha kwenye chupa ya soda tukifuata chaki, shubiri ya ziada tukaificha kwenye mkunjo wa nyuma, tukairudisha kwenye vibanio vya zamani. Nati zilizama kwa vidole, hazikubishana hata kidogo. Tukamwaga mafuta ya breki, nikakanyaga, tone likachungulia kwenye nati. Nikakaza. Likarudi. Nikakaza mpaka nikaogopa kukata uzi.

"Unafungia spana namba ngapi?" Mjomba akauliza.

"Kumi."

"Na zile tulizofungua?"

Nilinyamaza. Zile zilikuwa kumi na moja. Nilikuwa nimebadilisha spana mwenyewe, bila kujiuliza kwa nini.

Akaweka paipu ya zamani kwenye kiganja changu cha kushoto na kipande cha mpya kwenye cha kulia. "Fumba macho. Papasa." Mdomo wa zamani ulikuwa wa mviringo, umevimba kama kichwa cha uyoga. Mpya ulikuwa umekunjwa kwa ndani, kama faneli. Uzi wa nati ni uleule, ndiyo maana ziliingia kirahisi, lakini kinachozuia mafuta ni mdomo unavyokaa, si uzi. Huu ulikuwa mdomo wa Toyota.

Kilichonishangaza ni kwamba hatukuhitaji mashine nyingine. Mdomo wa Toyota hutengenezwa kwa hatua mbili: kwanza unauvimbisha, kisha unaukunja ndani. Mjomba aliazima mashine kwa jirani, akakata ncha zote mbili, akavisha nati za Kijerumani alizotunza kwenye kopo la Blue Band, akafanya hatua ya kwanza, akaacha hapo. Shubiri yangu ya upotevu ikaisha yote.

Kutoa upepo tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Watoto wa Mjomba walipokezana kwenye pedeli, yeye akipiga kelele, "Kanyaga! Shikilia! Usiachie, wewe!" huku mpira mwembamba ukitoa mapovu ndani ya chupa ya maji. Niliposhusha tone moja kwenye rangi ya mlango nilimwagiwa ndoo nzima ya maji, mlango na mimi, maana mafuta ya breki hula rangi. Jioni pedeli ilikuwa ngumu kama jiwe.

Mwezi uliofuata tulikwenda Lushoto pamoja. Wakati wa kushuka Mjomba alipiga soga tangu sokoni, akisifia kazi yake, paipu ya chuma, Wajerumani. Tulipokaribia ile kona, maneno yalikatika. Nikaona mkono wake umeshuka taratibu ukashika breki ya mkono, na haukutoka pale mpaka tulipofika Mombo.