Mchuuzi wa Finchale

Kabla hajaitwa mtakatifu, Godric alikuwa mchuuzi. Alizaliwa Norfolk, Uingereza, yapata mwaka 1065, akaanza kwa kutembeza vikorokoro kijiji hadi kijiji, kisha akaingia baharini. Akafikia kumiliki nusu ya merikebu moja na robo ya nyingine. Hesabu hiyo ya hisa, iliyoandikwa na mtawa Reginald wa Durham aliyemfahamu uzeeni, mimi huifurahia kuliko miujiza yake yote.

Alihiji Yerusalemu, Roma na Santiago de Compostela, halafu akaachana na mali. Askofu Ranulf Flambard akamruhusu kukaa Finchale, mahali ambapo mto Wear unapiga kona, si mbali na mji wa Durham, kaskazini mwa Uingereza. Akaishi hapo kama mkaapweke hadi alipofariki mwaka 1170, akiwa na miaka mia na ushei. Usiku wa baridi alikuwa akisimama mtoni, maji shingoni, akisali. Nilitumbukiza mkono humo mwezi wa Mei, nikautoa mbio. Tena alitunga nyimbo, na noti zake zipo mpaka leo, miongoni mwa nyimbo kongwe kabisa za Kiingereza zilizobaki na muziki wake.

Mwaka 1196 Wabenedikto wa Durham wakapata nyumba yao palepale, na baadaye wakajenga kanisa kubwa juu ya kaburi lake. Sasa sikia kilichofuata: karne ya 14 nyumba ikageuzwa mahali pa mapumziko! Watawa wanne wanne walitoka Durham kwa zamu, wiki tatu, kupunga upepo. Nimekulia jirani na abasia ya Ndanda, monasteri ya kusini mwa Tanzania, ambako Wabenedikto niliwajua kwa karakana na hospitali, kwa hiyo habari ya watawa kwenda likizo ilinichekesha sana. Wakazi wa kudumu wakawa wachache, kanisa likawazidi ukubwa. Wakabomoa mabawa yake na kuziba matao kwa kuta. Nguzo za mviringo bado zinaonekana zimemezwa na ukuta, na ndani ya matao wakachonga madirisha ya urembo wa zama zile. Kwangu hapo ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi.

Mfalme Henry wa 8 alifunga nyumba zote za watawa Uingereza miaka ya 1530, na hii pia. Leo ubavuni mwa magofu kuna uwanja wa karavani, watu wanaanika taulo na kuchoma soseji. Wapo watakaoona unaharibu mandhari. Mimi naona watawa wa karne ya 14 wangeomba nafasi. Godric ndiye angewafukuza wote.