Zimwi libaki zimwi

Juzi jioni nilikuwa kwenye mwendokasi narudi Kimara, nimesimama, mkono mmoja bomba mkono mwingine simu, nasoma zangu. Dada aliyekaa pembeni yangu akainua macho akaona kava la kitabu kabla sijafungua ukurasa, jibaba la bluu, pembe, mkia, limemshika mwanamke kiuno. Akaniangalia usoni, akarudia kuangalia simu. Hakusema kitu na mi sikusema kitu, lakini toka siku ile najisikia nina maelezo ambayo sijayatoa. Mnaonifahamu mnajua nasoma hizi riwaya za mapenzi ya mazimwi na maeliani, yaani viumbe wa sayari nyingine, mwaka wa nne sasa, mnacheka tu, hakuna aliyewahi kuniuliza napata nini humo, basi leo nasema bila kuulizwa.

Nilianzia pale ambapo wengi wameanzia, Ice Planet Barbarians ya Ruby Dixon. Mwandishi aliitoa mwenyewe mtandaoni mwaka 2015, kipande kwa kipande, ikakaa miaka na wasomaji wake waaminifu, mpaka 2021 watu wa TikTok walipoidaka ikawa habari ya mjini na mwisho wa mwaka huohuo kampuni kubwa ya vitabu ikaichapa upya. Hadithi ni kwamba wasichana wa kutoka duniani wametekwa na maeliani wanaouza watu, chombo kinapata hitilafu, wanatelekezwa kwenye sayari ya barafu, na huko wanaishi watu warefu wa bluu, wawindaji, wenye pembe na mkia. Hewa ya kule inakuua taratibu kama hujaingizwa mdudu mmoja anaitwa khui. Anakaa kifuani, ndiye anakupa uzima. Na huyohuyo khui ndo anakuchagulia mwenza, akimwona anayekufaa anaanza kunguruma kifuani kama paka aliyeshiba, na wa mwenzio naye ananguruma, basi, mmeshakuwa mtu na mwenza wake mtake msitake.

Hiyo mtake msitake nitairudia, ina ugomvi wake.

Kwanza niseme kwa nini nilinogewa. Bibi yangu wa Pangani alikuwa na hadithi moja ambayo najua wengi mmeisikia kwa bibi zenu, ya binti aliyekataa wachumba wote wa kijiji, huyu ana kovu la goti, huyu ana alama ya ndui, yeye anamtaka mwanaume asiye na kovu hata moja. Akatokea mmoja mgeni, ngozi kama kioo, hajulikani ukoo wala mji. Wazee wakasema tungoje tuulizie, binti akasema huyuhuyu. Kufika msituni mume akageuka zimwi, na aliyemwokoa ni mdogo wake mwenye ukurutu, yule waliyemfukuza asiwafuate. Rafiki yangu mmoja Mkikuyu ananiambia kwao wanamwita irimu na ana mdomo wa pili kisogoni, ameufunika na nywele. Nikiwa mdogo huo mdomo wa kisogoni ungenikosesha usingizi mwezi mzima.

Mimi niliolewa na asiye na kovu. Mwaka 2016, sherehe kubwa, kila mtu anamsifia, na mdomo wa kisogoni nimekuja kuuona nikiwa ndani na mlango umefungwa. Tumeshaachana na kila mmoja ana maisha yake, sitaendelea hapo. Ila sasa fikiria mtu aliyetoka huko, anafungua kitabu anakuta mwanaume ambaye pembe zake ziko nje, meno yako nje, mkia uko nje, kila cha kuogopesha umekiona ukurasa wa kwanza, na kinachofichwa, kile unachokigundua polepole sura baada ya sura, ni upole. Ni hadithi ya bibi iliyopinduliwa ndani nje kama soksi. Nililia, sidanganyi, sehemu ambayo mtu mwingine asingelia hata kidogo, ni nyama tu imepikwa. Vektal, yule stelingi wa bluu, kwao wanakula nyama mbichi, Georgie, yule binti wa duniani, hawezi, anataka iliyoiva, jamaa anaona kabisa nyama nzuri inaharibiwa lakini anamwachia aipike anavyotaka. Basi. Ndo hiyo tu.

Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza, na siku hizi naachia kitabu katikati kikiivunja, zimwi libaki zimwi. Sitaki mwisho ageuke mwanamfalme. Ile hadithi ya Kifaransa ya mrembo na mnyama, Madame de Villeneuve aliiandika 1740, Madame de Beaumont akaifupisha 1756 na ufupisho wake ndo uliosambaa dunia nzima, mwisho wake unaniuma mpaka leo, binti amejifunza kumpenda yule mnyama alivyo, amerudi mbio amkute hai, halafu zawadi anayopewa ni kijana mzuri asiyemfahamu. Yule aliyekuwa anakaa naye mezani kila usiku yuko wapi? Ila de Beaumont kuna kitu alikipata ambacho waandishi wengi wa leo wamekikosa. Mnyama anamuuliza kila usiku, utakubali kuwa mke wangu, binti anasema hapana, mnyama anahuzunika, anaaga, anaondoka. Kesho anauliza tena, na ile hapana inabaki hapana. Zaidi ya miaka 260 iliyopita.

Sasa turudi kwenye mtake msitake. Hii habari ya mwenza aliyeandikwa, iwe khui, iwe harufu, iwe mwezi, iwe alama kwenye ngozi, imekuwa kama njia ya mkato. Mwandishi mvivu akishasema miili yao imechaguana, hahitaji tena kuandika mtu akimkubali mtu. Na hata kitabu nilichoanza nacho, nakipenda lakini sitakificha, mwanzoni kabisa Vektal anamkuta Georgie amenasa kwenye mtego wake wa kuwindia, anamshusha, na anaanza mambo ya kimwili binti hajazinduka sawasawa, hawajaelewana hata neno moja. Wapo mashabiki wanasema ni mila za kwao hajui. Mi nasema mwandishi ndo anajua. Anayeandika ndiye mwenye nchi nzima mkononi mwake, angeweza kumpa siku mbili za kusubiri, barafu isingeyeyuka.

Kingine kinachoniudhi ni lugha. Vitabu vingi vya maeliani ukifika sura ya tatu mtu kashawekewa kitafsiri sikioni na wote wanaelewana kama wamesoma shule moja. Hata Georgie anapelekwa kwenye chombo cha kale kilichofukiwa na theluji, mashine inamwingizia lugha kichwani mara moja, na mi pale nilisikitika kweli, kwa sababu kurasa nilizozipenda kuliko zote ni zile za kabla, za ishara na kukosea na kurudia. Mliotazama The Shape of Water ya Guillermo del Toro, ya 2017 iliyochukua Oscar ya filamu bora, mnakumbuka yai. Elisa haongei, ni mfanya usafi kwenye maabara, anaweka yai la kuchemsha ukingoni pa bwawa na anamwonyesha yule kiumbe wa majini ishara ya yai kwa mikono. Yai. Yule naye anarudisha ishara. Kwangu hiyo imeshinda busu zote za siriz nzima, maana mtu hawezi kukupenda kwa neno ambalo hamjalitengeneza pamoja.

Watu wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, tunalisema tukimaanisha bora ubaya wa unayemfahamu. Mi siku hizi nasikia zaidi lile neno la katikati, likujualo.

(Kwa anayetaka kuanza na kitu chepesi zaidi, wapo mazimwi wa mjini, wana kazi, wana magari. C.M. Nascosta ana riwaya ya 2021 ambayo stelingi wa kike ana deni la mkopo wa chuo na anampenda minotauri, yaani mtu mwenye kichwa cha ng'ombe dume, anavaa suti na ana adabu kuliko mabosi wote niliowahi kuwa nao. Ina mambo ya chumbani mengi sana na ya wazi, msimpe mtoto. Lakini lile deni la chuo limeandikwa na mtu anayejua kuhesabu siku za mshahara.)

Mwezi uliopita shangazi yangu alikuja kukaa kwangu, amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho moja limezibwa na lile lingine halioni vizuri, tamthilia zake za Kituruki hawezi kuangalia. Usiku wa kwanza amekaa kitandani ameboreka, ananisikia nimenyamaza na simu. "Mwanangu, hicho unachosoma nisimulie na mimi." Nikajaribu kumkwepa, shangazi hakwepeki. Nikaanza, nikakata ya kukata, maana ni shangazi. Na kitu cha ajabu kikatokea mdomoni mwangu. Kwenye Kiingereza nilikuwa namsoma Vektal kama mtu toka mwanzo. Mimi nikajisikia nasema basi likatokea lijitu, lina pembe, likamkuta binti kwenye mtego, likamshusha. Kama bibi. Shangazi akawa anauliza hivyohivyo, linakula nini, linalala wapi, lina mama?

Nikafika pale pa mwanzo pabaya, nikapasema kwa mbali, kwamba lilimgusa hajazinduka.

Shangazi akainua mkono. "Hapo hapana. Limtake radhi."

"Kwenye kitabu hakuna kutaka radhi, shangazi."

"Basi wewe nisimulie limemtaka radhi. Si unasimulia wewe?"

Nikakaa kimya kidogo, natafuta. Maneno hawana, lugha hawajaelewana, radhi itatakwa vipi? Nikalitoa lile lijitu nje ya pango walimokuwa. Nikasema likatoka likakaa kwenye theluji, mgongo umeelekea mlangoni ili binti ajue haangaliwi, upepo unavuma, giza limeingia, limekaa. Binti ndani amewasha moto, ameivisha nyama, amekula ameshiba, anachungulia, bado limekaa. Akangoja. Akachungulia tena. Mwisho akachukua kipande kilichobaki, akatoka nacho, akakiweka kwenye theluji hatua tatu kutoka lilipo, akarudi ndani. Na yule bwana akakiokota, akakitazama, hajawahi kula nyama iliyopita motoni maisha yake yote, akala, hakugeuka.

Sikupanga kubadilisha. Nilishamaliza sentensi ndo nikajisikia nimesema akakiokota.

Shangazi akavuta shuka. "Haya," akasema, "na asubuhi alimwambiaje?"