Ruzuku ya Ulaya kwa utafiti wa taka za masoko Kampala: tulivyoandaa fungu letu la bajeti

Jalala la Kiteezi, lililopokea taka za Kampala, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Sehemu kubwa ya takataka za Kampala ni za kuoza: maganda ya matoke, majani ya mboga, matunda yaliyoharibika sokoni. Utafiti wa kuzigeuza kuwa mbolea au makaa ni kazi ya lazima, na fedha zake mara nyingi hutoka nje. Naeleza hapa tulivyoandaa sehemu yetu ya andiko la mradi chini ya Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2021 hadi 2027. Nitakaa zaidi kwenye bajeti, maana hapo ndipo mbia wa Afrika hupunjwa.

Taasisi ya Uganda inaruhusiwa kulipwa kutoka mpango huo. Lakini haihesabiwi miongoni mwa taasisi tatu za lazima, ambazo hutoka nchi tatu tofauti za Umoja au zilizojiunga na mpango, mojawapo ikiwa ya nchi mwanachama. Sisi huongezwa juu ya hao watatu, kwa hiyo andiko lazima lionyeshe kazi ambayo bila sisi haifanyiki. Usichanganye na miito (matangazo ya kuomba ruzuku) kama ya Driving Urban Transitions, ushirika wa Ulaya wa utafiti wa miji, ambako kila shirika la ufadhili hulipa watafiti wa nchi yake. Huko soma kwanza orodha ya mashirika kabla ya kuandika hata aya moja.

Jambo tulilolishikilia tangu barua ya kwanza ni kuwa mbia kamili mwenye fungu lake la kazi, si mkandarasi wa kukusanya takwimu. Sababu ni ya hesabu. Mpango hulipa gharama za uendeshaji kwa asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja, bila kuhesabu kazi zilizotolewa kwa mkandarasi. Mbia mwenye gharama za moja kwa moja za euro 180,000, ambazo 20,000 kati yake ni za mkandarasi, hupata asilimia 25 ya 160,000, yaani euro 40,000 za umeme, ofisi na mhasibu. Ukiingia kama mkandarasi, fedha hizo huzipati. Mratibu, yaani taasisi inayoongoza mradi, akikutumia jedwali lenye namba zake tayari, mrudishie lako.

Mishahara huhesabiwa kwa siku. Chukua gharama yote ya mtumishi kwa mwaka, pamoja na asilimia 10 ambayo mwajiri hupeleka NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, gawa kwa 215. Euro 12,900 kwa mwaka ni euro 60 kwa siku. Watu wengi huandika mshahara wa mkononi tu, kisha taasisi inajazia PAYE na NSSF kutoka mfukoni mwake. Vifaa navyo kwa kawaida hulipwa kwa uchakavu: mashine ya euro 6,000 yenye maisha ya miaka mitano, ikitumika mradini miaka miwili, inakurudishia 2,400 tu. Nunua mwanzoni mwa mradi, na angalia kama mwito wako unaruhusu bei kamili.

Kazi ya sokoni ina gharama ambazo Ulaya hawazioni. Taka hupimwa siku saba mfululizo, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili hazifanani na siku za kazi. Kila sampuli yetu ni kilo 100 hivi: inamwagwa kwenye turubai, inachambuliwa kwa aina, kila aina inapimwa. Kisha sehemu ndogo hukaushwa maabara kwa nyuzi 105 kwa saa 24 ili kujua maji yaliyomo. Zoezi hilo lifanyike msimu wa mvua na wa kiangazi, maana maganda yaliyonyeshewa hupotosha uzito, na anayepanga ukubwa wa mtambo kwa kipimo cha msimu mmoja ataukosea. Mvua Kampala hunyesha zaidi Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Mradi ukianza Januari, vipimo vya Machi havitawezekana, kwa sababu ya vibali.

Kwanza ni kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, kisha usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, halafu ruhusa ya KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, uongozi wa soko na mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa. Watafiti wageni nao waandikwe kwenye maombi ya vibali hivyo. Sampuli ikisafirishwa nje inahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli. Tunaweka ada zote hizi kwenye bajeti na kuipa hatua hii muda wake kwenye kalenda ya kazi, hasa mwito ukiwa wa malipo ya jumla, yaani kiasi kilichokubaliwa mapema badala ya gharama halisi. Huko fungu la kazi lisilokamilika halilipwi kikamilifu, basi gawa kazi ya masoko katika mafungu mawili, la mvua na la kiangazi.

Mtiririko wa fedha ndio unaoangusha taasisi ndogo. Malipo yote kabla ya ripoti ya mwisho hayapiti asilimia 90 ya ruzuku, na kuna makato ya mfuko wa dhamana, kwa kawaida asilimia 5, yanayorudishwa mwisho. Hasara ya kubadilisha euro kuwa shilingi hailipwi. Ripoti ya fedha inatakiwa ndani ya siku 60 baada ya kipindi kufungwa, nayo haina nafasi ya maelezo ya mdomo. Dukani dai risiti ya kielektroniki ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Boda boda hatoi risiti, kwa hiyo tunamlipa kwa simu na kuambatisha taarifa ya malipo na karatasi yenye safari, tarehe na sahihi. Wachambuzi wa taka, wengi wao akina mama wa sokoni, tunawaweka kwenye bajeti kwa jina la kazi yao, pamoja na glovu, mabuti na ada ya kutoa pesa kwenye simu. Na kabla ya kutia sahihi mkataba wa wabia, tunadai uandikwe humo idadi ya siku ambazo mratibu anaruhusiwa kukaa na fedha zetu.