Nilivyompeleka mama Bukoba kwa meli huku ziwa likinitisha

Mama yangu hakuwahi kutamani Dubai wala Roma. Alichotaka ni kupanda meli Mwanza usiku, alale humo, aamkie Bukoba. Miaka ya sabini alikuja Mwanza kwa meli ya Victoria akiwa bibi harusi, na tangu hapo safari hiyo imekaa kichwani mwake. Kila sikukuu, tukishashiba, anairudia: chumba chenye vitanda vya juu na chini, chai ya maziwa, na wanawake wa Kihaya walioimba mpaka bandari ya Kemondo ikaachwa nyuma. Halafu ananitazama mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye ninayeishi naye. Nami namjibu, "Tutaona, mama."

Sikuwa na nia ya kuona chochote. Mimi nimezaliwa Mwanza na nimekulia Mwanza, lakini majini nilikuwa siingii. Tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa darasa la nne. Asubuhi ile MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika, watu wakiwa wameshaanza kukusanya mizigo yao. Ilikuwa meli ya abiria 430. Waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 800, kwa hiyo hesabu ya waliokuwemo mtu ajifanyie mwenyewe. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwemo. Nakumbuka watu wazima wakienda uwanja wa Nyamagana kutafuta ndugu zao kati ya miili iliyolazwa pale, wakirudi bila kusema, na redio ikieleza jinsi meli ilivyotobolewa ili kuwaokoa waliokuwa wakigonga kwa ndani, hewa ikatoka, meli ikazidi kuzama. Kwa mtoto wa umri ule, hilo la kugonga ndilo lililobaki. Nilipokuwa mkubwa nikawa mtu wa kuchagua kiti kinacholipa ziwa kisogo hotelini, mtu anayetoa udhuru kazini kukiwa na safari ya Ukerewe. Nikisogea kwenye maji viganja vinaloa, mate yanakauka, na tumbo linaniambia nirudi nyumbani.

Watu watasema, si ungempeleka kwa ndege? Novemba 2022 ndege ya abiria ilitumbukia ziwani hatua chache kabla ya kiwanja cha Bukoba, watu 19 wakafa kati ya 43. Kwa mtu wa hofu kama yangu hiyo haikuwa njia mbadala, ilikuwa ni ziwa lile lile kwa tiketi ya bei ghali. Basi lipo, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hata kivuko hakisubiriwi tena. Lakini ni siku nzima ya kukunja magoti, Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba, na magoti ya mama hayakunjwi tena. Zaidi ya hayo, yeye hakuomba kufika Bukoba. Aliomba meli.

Kilichonitoa kwenye "tutaona" ni kliniki ya macho. Daktari alisema mama ana presha ya macho. Akaeleza kwa upole kwamba matone yatasaidia kulinda kilichobaki, ila sehemu ya kuona iliyokwisha kupotea hairudi, si kwa miwani wala kwa upasuaji. Tukiwa kwenye bajaji mama akaniambia bila hata kugeuka, "Basi baba, kama ni meli, iwe wakati naona." Sikuwa na pa kujificha tena.

Nilianza kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu, baharia mstaafu. Niliwahi kusikia watu wakishauri kwamba mwenye hofu asisome habari za ajali. Kwangu imekuwa kinyume. Nilichokuwa nacho kichwani kilikuwa picha za mtoto wa darasa la nne, hazina maelezo. Ziwa tu linafungua mdomo na kumeza watu. Mzee akachukua sufuria, akaiweka kwenye beseni la maji, akaanza kuipakia mawe. Mawe yakiwa chini, sufuria inazama kidogo na kutulia. Akaweka kibao juu, akahamishia mawe juu ya kibao. Akaigusa kwa kidole, ikapinduka. "Meli haipinduki kwa uzito peke yake," akasema. "Inapinduka uzito ukikaa juu, na watu wakikimbilia upande mmoja." Akanieleza kuhusu maji ya kuwekwa matangini chini ya meli ili iwe na mkao mzuri, kuhusu mikungu ya ndizi inayorundikwa popote, kuhusu abiria wanaoingizwa bila kuandikwa. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Kwa mara ya kwanza ajali ile ikawa kazi ya watu, watu waliojaza, waliofumba macho, walioruhusu. Hasira ilinijia, na nilivyoona mimi, hasira ni rahisi kuishi nayo kuliko woga.

Mzee huyo huyo ndiye aliyenipangia ngazi za kupanda. Kwanza niende jioni bandari ya Kaskazini siku meli inapoondoka, nisipande, nitazame tu wanavyopakia. Nilikwenda, nikarudi, nikazoea honi yake. Kisha Saanane, kile kisiwa cha hifadhi kilicho mkabala na Capri Point, dakika chache tu kwa boti. Nilichukua wanangu ili nione aibu kulia. Nilishika ubao wa boti mpaka vidole vikafa ganzi, lakini nilifika, tukawaona pundamilia, tukarudi. Halafu kivuko cha Kamanga. Hicho ndicho kilichonifundisha zaidi, kwa sababu kuna muda unakuwa katikati na pwani zote mbili ziko mbali. Safari ya kwanza nilikaa ndani ya gari la jirani, macho nimefumba. Baadaye nikawa natoka. Baadaye nikawa nanunua karanga.

Shemeji yangu ni muuguzi, akanipa jambo la pumzi: vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, toa taratibu kwa mdomo ukihesabu hadi sita au saba, usiharakishe. Nililidharau. Sasa nakiri kwamba linafanya kazi, si kwa kuondoa hofu bali kwa kuuzuia mwili usikimbie wakati miguu haina pa kukimbilia. Alichonikataza ni kuulizauliza watu, "Lakini ni salama eti?" Alisema kila nikijibiwa ndiyo nitatulia nusu saa, halafu nitatafuta mwingine wa kumuuliza. Kweli nilikuwa hivyo. Mke wangu alishachoka kuniambia ndiyo.

Meli yenyewe sasa ni Victoria ile ile ya mama, ila imefanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi majini 2020 kwa jina la New Victoria. Inabeba abiria 1,200. Iliundwa Uskochi, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa reli kutoka Mombasa hadi Kisumu na kuunganishwa upya huko, ikaanza safari mwanzoni mwa miaka ya sitini. Mama nilipomwambia hilo alifurahi mno. "Kumbe tuna umri unaokaribiana, na yeye ndiye aliyepata matengenezo!"

Tiketi nilikata mapema kwa majina yaliyo kwenye vitambulisho vyetu. Kwa mwenye mzazi mzee nashauri chumba cha kulala, na omba kitanda cha chini kabla ya kulipa, usisubiri kuombana na watu ndani. Matone ya macho niliyaweka kwenye mkoba wangu wa mkononi pamoja na karatasi ya daktari. Siku tuliyoipanga kwanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa angalizo la upepo mkali ziwani. Nikaahirisha. Mama alininunia, hakula chakula cha mchana, akamwambia mke wangu kwamba nimepata kisingizio. Nikamwacha anune. Kuna hofu inayodanganya na kuna upepo wa kweli, na hiyo tofauti nilikuwa nimeshaisomea.

Usiku wa safari tulifika bandarini mapema, mama amevaa kitenge kipya na kichwani kajifunga kilemba cha Jumapili. Alipanda ngazi taratibu, baharia kijana akimshika mkono na kumwita bibi. Mimi nyuma, na begi, na viganja vimeloa kama zamani. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumuuliza yule kijana maboya ya kuvaa yako wapi. Akafungua kabati, akanionyesha, akanivalisha moja ili nijue kamba zake: hii inazunguka kiunoni, hii inafungwa mbele, usiache ikining'inia. Hakunicheka. Nikamvalisha na mama, akasema linamfanya aonekane mnene, avuliwe.

Honi ilipolia na sakafu ikaanza kutetemeka kwa injini, ndipo hofu ilipokuja yote kwa mpigo. Ngazi ilikuwa imeshaondolewa. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikihesabu pumzi, nne, saba, nne, saba, na nusu ya akili yangu ikisikia watu wakigonga chuma. Mama alikuwa anatafuna kahawa zake za kukaushwa, zile za Kihaya. Akanipa mbili mkononi.

"Unamuwaza mjomba wako," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na mimi namuwaza. Lakini ziwa halikumuua kaka yangu. Waliojaza meli ndio waliomuua. Mimi nimekulia kwenye ziwa hili, nimekula samaki wake, siwezi kulichukia kwa makosa ya watu."

Miaka yote nilidhani namlinda. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Sisi watoto tuliamua kwamba mtu aliyezikiwa kaka namna ile hawezi kutamani meli kwa akili timamu, tukayachukulia maneno yake kuwa ni ya uzee.

Alitaka kutoka nje, nikamtoa. Taa za Mwanza zilikuwa zimeshapungua, milima ya mawe imebaki kivuli. Mama akatoa rozari, akasali fungu moja kwa ajili ya kaka yake na wote waliobaki pale, akairudisha mfukoni. Mbele yetu kukatokea taa nyingi majini, zimejipanga kama mtaa mzima umehamia ziwani: wavuvi wa dagaa. Usiku ulikuwa wa giza, na huo ndio wanaoupenda, maana mwezi ukiwa mpevu taa zao hazivuti dagaa. Mama aliziona zote. Alikuwa ananionyesha yeye, kwa kidole, ile pale, na ile.

Saa tano alikuwa anakoroma. Mimi nililala vipande vipande. Nilitoka mara kadhaa, nikatembea sitahani, nikazungumza na mfanyabiashara wa maharage ambaye amepita njia hiyo zaidi ya nusu ya umri wake na bado hulala na viatu. Nilifarijika kujua si mimi peke yangu. Hofu haikuondoka usiku ule, ila ilifika mahali ikakaa, na mimi nikakaa.

Kemondo tulifika kungali giza, makuli wakipakua kwa kelele. Kulipokucha mama alikuwa ameshanawa uso na kuvaa viatu, anataka tu kufunguliwa mlango. Kisiwa cha Musira kikatokea, halafu kingo za miamba, halafu mji. Alikuwa akitaja kila kitu kwa Kihaya na kunitafsiria kidogo kidogo, na palipobadilika akilalamika kwamba wamepaharibu. Bandarini mama mdogo alikuwa anasubiri. Wale wawili walishikana na kucheka na kulia kwa pamoja, kisha wakaanza mara moja kubishana nani amekonda.

Tulikwenda kanisa kuu kwenye kaburi la Kardinali Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali, ambaye mwili wake ulihamishiwa pale mwaka 2012. Mama aliweka kiganja kwenye jiwe, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha Kashozi, nyumbani, kwenye migomba. Alikagua mibuni ya babu mmoja mmoja, akamkaripia binamu yangu kwa kuacha magugu. Tulikula ndizi kwa samaki mpaka nikaomba msamaha.

Mimi likizo ikaisha. Mama akasema haondoki, anangoja senene, wale panzi wa kuliwa. Nikarudi peke yangu, na nilirudi kwa basi, wala sioni haya kusema. Nilivuka daraja la Busisi mchana kweupe, nikalitazama maji kwa chini nikiwa nimekaa dirishani, jambo ambalo zamani nisingelifanya. Ya meli ilikuwa safari ya mama.

Ananipigia karibu kila jioni. Anasema senene wameanza, wachache, na bei ni ya kuwakomoa watu. Mwezi ujao nitakwenda kumchukua, na ameshaniagiza tiketi: meli, kitanda cha chini, chumba chenye dirisha, na nisisahau kubeba kahawa za kwangu.