Toka Kwanza Kwenye Ukurasa: Ninavyofundisha Kupima Vyanzo vya Mtandaoni

Nimeacha kuwapa wanafunzi orodha ya maswali. Mwandishi katajwa? Tarehe ipo? Marejeo yapo? Mwenye kuyajibu yote ni mwenye tovuti, na hata anwani inayoishia na .org, ambayo wengi huiona ishara ya kuaminika, husajiliwa na yeyote. Ukurasa wa pweza wa mitini, uliowekwa mtandaoni mwaka 1998 kwa mzaha, una picha, maelezo ya makazi yake na wito wa kumwokoa. Mnyama huyo hayupo.

Sasa naanza na kutoka. Nusu dakika tu ndani ya ukurasa, kisha mwanafunzi anafungua kichupo kipya na kutafuta jina la tovuti au shirika: wengine wanalielezaje? Wahakiki wa habari hufanya hivyo, kama walivyoonyesha Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2017. Hata wanahistoria wengi wenye shahada za uzamivu walibaki kwenye ukurasa na kudanganywa na nembo.

Zoezi lao moja nalitumia hadi leo: American Academy of Pediatrics na American College of Pediatricians. Natoa dakika 10. Anayebaki ndani huona mashirika mawili ya madaktari wa watoto yanayolingana. Anayetoka hugundua upesi kwamba la kwanza ni la mwaka 1930 na lina wanachama zaidi ya 60,000, na la pili ni kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002.

Panapoharibika zaidi ni kwenye matokeo ya utafutaji: wanabofya la juu, ambalo mara nyingi ni tangazo. Nawataka wasome ukurasa mzima wa matokeo, mikono mbali na kipanya, ndipo wachague.

Kosa jingine ni kuhesabu tovuti. Tano zikikubaliana, huenda nne zimenakili moja. Basi tunafuata viungo hadi andiko la asili, tena tunatazama hali yake ya leo: makala ya daktari Andrew Wakefield iliyohusisha chanjo na usonji, ya watoto 12, ilitoka katika jarida la tiba la Lancet mwaka 1998 ikafutwa mwaka 2010, na bado kuna wanaoinukuu.

Wapo pia wanaogeuka kukataa kila kitu, nami naliona hilo baya sawa na kuamini kila kitu. Kwa hiyo kila chanzo, kilichokubaliwa au kukataliwa, nadai sentensi tatu: nani kaandika, kapata wapi, na nani wa nje kathibitisha. Sentensi ya tatu ikikosekana, sisahihishi.