Kikombe cha frezi (stroberi) ni gramu ngapi?
Bandugu ba Bukavu benye kupendaka kupika, hizi resepi za Marekani zitatumaliza 😂 unasoma "vikombe viwili vya frezi" na mama wa soko ya Kadutu anakupimia kwa sahani, nyumbani uko na balansi ya gramu, sasa utafanya aje?

Kikombe chao kinabeba karibu ml 237. Frezi nzima zikijaa mule ni kama gramu 144 tu juu hewa inabakia katikati, ukizikata vipande inafika 166, ukiziponda kabisa inapanda mpaka 232, na ni tunda lile lile! Kwa hiyo uangalie muzuri kama wanasema kukata mbele ya kupima ao nyuma. Ndizi pia ni vile, vipande 150, ya kuponda 225, ukikosea kati ya hizo vipimo mbili keki itatoka ngumu sawa tofali.

Miye konfitiri napimaka kwa kilo tu: frezi kilo moya, sukari gramu 700, ndimu moya, basi.

Mwenye kujua marakuja ngapi zinajaza gobele ya juisi aandike hapa chini, kesho niko na bageni.