Mkono wa shahidi

Jumamosi, usiku

Leo asubuhi jumuiya yetu hapa Tabata ilikwama kwenye Warumi 13. Ilikuwa tuongee kidogo kuhusu kutii mamlaka, tuombe, kila mtu awahi shughuli zake. Mzee mmoja akafika mstari wa 4, ule wa mtawala asiyechukua upanga bure, akafunga Biblia: aliyeua auawe, Paulo ameshasema. Mama mmoja akamjibu, "Sawa baba, na Yesu je?" Basi, tukakaa.

Mzee ana hoja. Mwanzo 9:6 inasema amwagaye damu ya mwanadamu, damu yake itamwagwa na mwanadamu, na sababu yake ni nzito: mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Hesabu 35 inakataza hata kupokea fidia ili muuaji aachiwe, tajiri asije akanunua roho ya mtu. Mama naye ana Yohana 8, Yesu akimwokoa mwanamke mzinzi asipigwe mawe, ana Kaini aliyemuua nduguye akatiwa alama ili asiuawe, ana Daudi aliyepanga kifo cha Uria na bado nabii Nathani akamwambia hutakufa. Katekista akakumbusha kwamba mwaka 2018 Papa Francis alibadilisha aya ya 2267 ya Katekisimu, kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Mzee akasema Papa anamheshimu sana, ila Paulo alitangulia. Nilicheka kimoyomoyo.

Mstari ninaolala nao leo hakuna aliyeutaja. Kumbukumbu la Torati 17:6-7: mtu hauawi kwa neno la shahidi mmoja, wawe wawili au watatu, na mkono wa mashahidi uwe wa kwanza katika kumwua, ndipo ifuate mikono ya watu wote. Wewe uliyesema "nilimwona" ndiye unayeanza. Kama ulidanganya, damu ile huna wa kumsukumia.

Sisi huku mtaani tumebakiza nusu tu ya mstari huo. Mtu apige yowe "mwizi!", mawe na tairi vinafika kabla hajapatikana hata mmoja aliyeona. (Baadhi ya mikono hiyo kesho yake inapokea komunyo. Nimesema.)

Mahakamani hapa Tanzania ni kinyume. Mashahidi wanasikilizwa, halafu mkono haupo. Anayetiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, jaji analazimika kumhukumu kunyongwa, isipokuwa mama mjamzito au aliyetenda akiwa chini ya miaka 18. Wakili ataeleza umri, umaskini, watoto, ila jaji hana la kupunguza. Na tangu katikati ya miaka ya 1990 hajanyongwa mtu. Hayati Magufuli alisema hadharani mwaka 2017, akimwapisha Jaji Mkuu, kwamba asipelekewe orodha ya wa kunyongwa. Wapo tu gerezani, wanasubiri saini ya Rais. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha iliamua mwaka 2019 kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kunavunja haki ya kuishi. Hata Kaini, kabla ya kuhukumiwa, aliulizwa kwanza, "Yuko wapi Habili ndugu yako?"

Sitasema Biblia imeifuta adhabu ya kifo, maana sijaona ilipoifuta. Lakini imemtaka aliyeona ainue mkono wake mwenyewe. Mimi wangu siuinui, na sioni kwa haki gani nimtume askari magereza ambaye hakuona chochote.